Bahasha ya kaki na seva: historia fupi ya picha za hospitali kutoka Garissa

Leo naweka pembeni habari za lugha za programu, ndugu msomaji. Nataka tuongee historia, lakini usikimbie, kompyuta zitaingia humu humu ndani. Swali langu ni moja tu: picha ya eksirei iliyopigwa Garissa, Wajir au Mandera imekuwa ikifikaje mbele ya mtu anayeweza kuisoma vizuri?

Naliuliza kwa sababu sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa wetu. Tukisikia "hospitali kupeana picha kwa mtandao", mara moja tunafikiria kasi ya intaneti, seva na nafasi ya diski. Kadiri ninavyozidi kusoma historia ya jambo hili ndivyo ninavyoona kwamba kasi lilikuwa tatizo la miaka fulani tu. Tatizo lililobaki ni lingine kabisa, na kitu cha bei rahisi sana kilikuwa kimeshalitatua zamani: bahasha ya kaki.

Ndani ya bahasha kulikuwa na nini?

Yeyote aliyewahi kupewa rufaa anaijua bahasha hiyo. Ni kubwa, haikunjwi, na kwenye basi unaishika mapajani safari nzima. Ndani yake mna filamu ya eksirei. Juu yake pameandikwa kwa kalamu jina la mgonjwa, umri, namba yake ya hospitali na tarehe. Na mna karatasi moja ambayo daktari wa kwanza amemwandikia mwenzake: huyu ni nani, anaumwa nini, tumempa dawa gani, naomba maoni yako. Mgonjwa mwenyewe ndiye mbebaji. Daktari wa Nairobi akimaliza, anaandika jibu, analitia humo humo, na mgonjwa anarudi nalo.

Hesabu nami. Bahasha ilibeba vitu vinne: picha kamili, jina la mwenyewe, swali la daktari, na njia ya jibu kurudi. Yaweke manne hayo kichwani, kwa sababu ndiyo nitakayotumia kupimia kila teknolojia iliyofuata.

Ubaya wa bahasha ni kwamba haiendi mbio kuliko basi. Garissa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350. Mandera hadi Nairobi ni karibu kilomita 1,000, na barabara ile wasafiri wanaijua. Mfupa uliovunjika unaweza kungoja siku mbili. Damu inayovuja ndani ya fuvu haingoji.

Kwa nini macho yote yalikuwa Nairobi?

Hili halikutokea kwa bahati mbaya. Sheria za hali ya hatari zilitawala Kaskazini Mashariki tangu mwisho wa 1963 hadi Novemba 1991. Na mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliosema fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye sehemu zitakazozalisha haraka: zenye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Jimbo la wafugaji halikuwamo kwenye orodha hiyo. Hospitali za wilaya zilikuwepo, lakini mabingwa walisomea Nairobi na wakabaki Nairobi. Miaka hamsini baadaye pengo hilo ndilo tunalojaribu kulijaza kwa waya na antena.

Picha zilianza kusafiri siku zilipozaliwa

Ukidhani kupeana picha za ndani ya mwili ni jambo la intaneti, umekosea kwa karne moja. Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei Ujerumani tarehe 8 Novemba 1895. Tarehe 1 Januari 1896 alitia nakala za makala yake pamoja na picha kwenye bahasha, akazituma kwa posta kwa wanasayansi wenzake. Kwa hiyo bahasha ni ya zamani karibu sawa na eksirei yenyewe.

Waya nao haukukawia sana. Mwaka 1950 watafiti wawili wa Marekani walichapisha habari za kupeleka picha za eksirei kwa laini ya simu kutoka mji wa West Chester hadi Philadelphia, umbali wa kilomita kama 40. Hapo ungedhani kazi imekwisha. Lakini kwa Garissa ya wakati ule, hata simu ya kuongea ilikuwa ni jambo la anasa.

Afrika Mashariki ilichagua njia nyingine: kama picha haiwezi kumfikia daktari, basi daktari aruke aifuate picha. Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya Madaktari Warukao, ambayo leo tunaiita Amref. Ndege zilifika kwenye viwanja vya vumbi vya kaskazini, na redio za masafa marefu ziliunganisha vituo vya mbali na Nairobi. Redio ilibeba swali na jibu vizuri sana. Ila haikubeba picha. Daktari wa mbali alilazimika kuieleza filamu kwa maneno: "naona kivuli upande wa kulia, chini kidogo". Wewe jaribu kumweleza mtu sura ya wingu kwa simu, uone kama mtaelewana.

Wagonjwa wanaohama

Kuna jambo la kaskazini ambalo mtu wa Nairobi hulisahau. Katika miaka ya 1970 mwalimu mmoja Mtaliano, Annalena Tonelli, alikuwa Wajir akiwatibu wafugaji kifua kikuu. Dawa za wakati huo zililiwa kwa miezi mingi, na mfugaji hawezi kukaa wodini miezi yote hiyo ilhali ngamia wanafuata mvua. Jibu lake lilikuwa kuweka manyatta karibu na mahali pa matibabu, mgonjwa akae na watu wake huku akimeza dawa mbele ya mtu. Mwaka 1976 mpango huo wa wafugaji ukawa jaribio la Shirika la Afya Duniani. Mama huyo aliuawa Borama, Somalia, Oktoba 2003.

Namtaja kwa sababu alielewa jambo ambalo wachora mifumo wengi hawalielewi: hapa mgonjwa ndiye anayehama na hospitali ndiyo imesimama. Leo yuko Habaswein, mwezi ujao yuko ng'ambo ya mpaka. Kumbukumbu iliyofungiwa kwenye kabati la hospitali moja, au kwenye seva ya hospitali moja, haimsaidii. Bahasha ilimsaidia, maana alitembea nayo.

Barua pepe kabla ya intaneti

Tuje kwenye mambo yetu sasa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla Kenya haijapata intaneti ya kawaida, kulikuwa na mtandao ulioitwa HealthNet. Uliendeshwa na shirika la SatelLife la Marekani, kwa kutumia setilaiti ndogo iliyozunguka dunia karibu na ardhi. Setilaiti ilipopita juu ya kituo ilipokea barua, ikazihifadhi, ikaenda kuzishusha mahali pengine. Kenya ilikuwa na kituo chake. Wazo hilo la kupokea, kuhifadhi na kupeleka baadaye bado ndilo wazo bora kwa sehemu ambazo mtandao hukatika. Ila nafasi ilikuwa ya maandishi tu.

Mwaka 1999 shirika dogo la Uingereza, Swinfen Charitable Trust, lilionyesha kwamba inatosha kuwa na kamera ya kidijitali, stendi yake, kompyuta na barua pepe. Kazi ya kwanza ilikuwa hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh: unaipiga picha filamu, unaiambatisha, unaandika swali, bingwa anajibu akipata nafasi. Ukipima kwa bahasha yetu: jina lipo, swali lipo, jibu linarudi. Picha si kamili, lakini inasomeka.

Tupige hesabu kidogo

Picha moja ya kifua ya kidijitali ina pikseli kama 2,000 kwa 2,500, na kila pikseli huchukua baiti 2. Hiyo ni megabaiti 10. Kipimo cha CT chenye vipande 500, kila kipande pikseli 512 kwa 512, ni zaidi ya megabaiti 250. Sasa bila kubana faili:

- Kwa modemu ya kilobiti 9.6 kwa sekunde, picha ya kifua inachukua zaidi ya saa 2.
- Kwa GPRS ya simu, tuseme kilobiti 40, picha ya kifua ni dakika 33. CT ni zaidi ya saa 14.
- Kwa megabiti 2, picha ya kifua ni sekunde 40. CT ni dakika 17 au 18.

Ndiyo maana nilisema kasi lilikuwa tatizo la miaka fulani. Hadi 2009 Kenya nzima ilitegemea setilaiti kuufikia ulimwengu. Mwaka huo kebo za TEAMS na SEACOM zikaanza kutoka baharini pale Mombasa, na mkongo wa taifa wa faiba, ulioanza kujengwa 2007, ukafika hadi Garissa. Hospitali ya mjini Garissa kwenda Nairobi haikuwa tena safari ya saa 14. Wajir na Mandera zilikuja kuunganishwa baadaye, na minara ya simu huko imekuwa ikilipuliwa mara kwa mara na al-Shabaab, kwa hiyo mtandao unaokatika bado ni maisha ya kila siku. Lakini barabara kubwa ilishafunguliwa.

Je, picha zikaanza kumiminika? Hapana. Na hapa ndipo historia inapokuwa tamu, au chungu.

Mahali ilipofanya kazi

Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa Guri'el, Somalia ya kati, vita viliwafanya mabingwa washindwe kukaa. Desemba 2010 shirika la MSF, Madaktari Wasio na Mipaka, lilianza kuunganisha hospitali ya huko na daktari bingwa wa watoto aliyeketi Nairobi. Mtoto akiwa mbele ya kamera, matabibu wa Guri'el wakauliza, bingwa akajibu papo hapo.

Takwimu zao zilichapishwa 2012. Mwaka 2011 watoto 3,920 walilazwa, na 346 kati yao wakajadiliwa kwa mtandao. Kwa watoto 222, yaani asilimia 64, matibabu yalibadilishwa kwa kiasi kikubwa. Watoto 88 walikutwa na hali ya kuhatarisha maisha ambayo ilikuwa haijaonekana. Vifo pamoja na watoto walioondoka wasijulikane waliko vilishuka kutoka asilimia 7.6 mwaka 2010 hadi asilimia 5.4 mwaka 2011.

Rudia namba hizo polepole. Watoto 88. Vifaa vyenyewe havikuwa vya ajabu. Kilichokuwepo ni mtu maalum upande wa pili ambaye kazi yake ilikuwa kujibu. MSF ilijiondoa Somalia Agosti 2013 kwa sababu za usalama, na kazi zake zote huko zikafungwa.

Mahali mashine zilipofika bila waya

Kenya ilipoanza ugatuzi mwaka 2013, afya ilikwenda kaunti. Februari 2015 serikali ya taifa ikatia saini mkataba wa kukodi vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za taifa, kwa shilingi bilioni 38. Sehemu ya radiolojia ilipewa GE: eksirei za kidijitali, ultrasaundi, mashine za matiti na kadhalika. Kwa mara ya kwanza picha za kaunti, za kaskazini zikiwemo, zingezaliwa zikiwa faili badala ya filamu.

Lakini mkataba wa kuziunganisha hospitali hizo kwa kompyuta ulikuja peke yake, Oktoba 2017, kwa shilingi bilioni 4.9, na ukafutwa kabla hospitali hazijaunganishwa. Mwaka 2020 kamati maalum ya Seneti iliyochunguza mpango mzima iliripoti kwamba baadhi ya mashine zilikaa bure kwa kukosa umeme, maji au watu wa kuziendesha. Yaani tulinunua kamera kwanza, tukafikiria bahasha baadaye, kisha bahasha tukaitupa.

Na watu wakajaza pengo

Hakuna daktari atakayekaa akingoja mkataba. Daktari wa zamu huinua filamu kwenye mwanga au kuielekezea kioo cha kompyuta simu yake, akapiga picha, akaituma WhatsApp: "Daktari, habari za usiku. Samahani kwa usumbufu, naomba uangalie hii. Mzee wa miaka 60, ameanguka." Baada ya dakika tano jibu linakuja. Siwezi kuidharau kazi hiyo. Imeokoa watu.

Tuipime tu kwa bahasha. Swali lipo. Jibu linarudi, tena haraka. Picha kamili? Hapana. Faili halisi ina ngazi za kijivu 4,096 au zaidi, na daktari anaweza kuongeza au kupunguza mwanga aone mfupa, kisha aone mapafu. Picha ya simu ina ngazi 256 na imebanwa njiani. Filamu nayo ina pande mbili: ukiipiga kwa nyuma, kushoto kunakuwa kulia, na kama alama ya upande imekatwa pembeni hakuna wa kujua. Jina? Daktari mwangalifu hulificha ili kulinda siri ya mgonjwa, na ni haki yake. Lakini sasa simu ya bingwa ina picha 40 za vifua visivyo na wenyewe, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 inatutazama sote.

Jina la mtu si kamba ya herufi tu

Hapa naingia kwenye uwanja wangu. Kiwango ambacho mashine zote hutumia kwa picha za hospitali kinaitwa DICOM. Kilianza 1983 pale chama cha madaktari wa radiolojia wa Marekani kilipokaa na watengenezaji wa vifaa. Toleo la kwanza likatoka 1985, na jina la DICOM likaja 1993. Uzuri wake ni kwamba jina la mgonjwa limo ndani ya faili lenyewe pamoja na picha. Ni bahasha ya kidijitali hasa! Na tangu 2012 kuna seva ya bure, Orthanc, iliyoandikwa Liège, Ubelgiji, ambayo unaweza kuiweka kwenye kompyuta ya kawaida ukaanza kazi siku hiyo hiyo.

Shida ni kwamba DICOM huandika jina hivi: jina la ukoo, alama ya ^, kisha jina la mtu. Msomali hana jina la ukoo la namna hiyo. Ana jina lake, la baba na la babu. Abdi Mohamed Ali ni Abdi, mwana wa Mohamed, mwana wa Ali. Hospitali moja itaandika ALI^ABDI MOHAMED, nyingine ABDI^MOHAMED ALI. Kwa kompyuta hao ni watu wawili. Akija na karatasi ya Kismayu, pameandikwa Cabdi Maxamed, kwa sababu hati za Kisomali zilizokubaliwa 1972 huandika hivyo. Sasa ni watatu. Na mtu akijifanya mjanja akaandika programu inayolinganisha majina yanayokaribiana, itamchanganya Mohamed na Mohamud, ambao kwa Msomali ni majina mawili tofauti.

Tarehe ya kuzaliwa haisaidii sana, maana wazee wengi wameandikiwa 1 Januari. Namba ya kitambulisho? Kaskazini kuna Wakenya ambao kwa miaka mingi walinyimwa kitambulisho kwa kuwa wakati wa njaa waliorodheshwa Dadaab kama wakimbizi. Niliwahi kuangalia seva ya hospitali moja, sitaitaja, mgonjwa mmoja akiwa amegawanywa mara tatu, na picha ya zamani ambayo ingeonyesha kwamba kivuli cha mapafu kilikuwepo miaka miwili iliyopita ilikuwa imelala chini ya jina la pili. Faili halikupotea. Aliyepotea ni mwenyewe.

Kwa hiyo?

Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeanzisha wakala wa kusimamia mifumo hii na kuitambua tiba ya mbali. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linakubali kompyuta isome eksirei za kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na zaidi. Mambo yanakwenda, na fedha zitakuja tena na mikataba yake.

Ombi langu kwa wenzangu watakaoandika programu hizo ni dogo. Kabla hujaonyesha mtu picha nzuri za mfumo wako, uupime kwa bahasha ya kaki. Picha imefika nzima? Mtandao ukikatika Mandera, inangoja kwenye foleni na kwenda yenyewe baadaye? Jina limeandikwa kama mwenyewe anavyojiita, majina matatu kwa mpangilio wake, na namba ya simu ya jamaa? Swali la daktari limo? Yupo mtu aliyepangiwa zamu ya kujibu, na analipwa? Na mgonjwa akihama kesho na ngamia wake, ana nakala mkononi?

Kama jibu ni hapana mahali popote, ongeza kazi hiyo kwenye orodha yako kabla ya kuongeza rangi na vitufe.

Na wewe uliye Garissa, Wajir au Mandera, unayepiga picha hizi au kuzisoma: nakosea wapi? Niambie, hasa kuhusu majina. Hapo ndipo ninapotaka kuandika programu ya kwanza.